Chakula kingi, samaki wenye njaa: kisa cha kizimba cha sato karibu na mdomo wa mto, Ziwa Victoria

Mahali na mradi wenyewe

Kisa hiki ni cha kizimba kimoja cha sato (Oreochromis niloticus) kilichowekwa katika ghuba ndogo ya ukanda wa Mwanza, meta mia kadhaa kutoka mahali mto wa msimu unapoingia ziwani. Jina la mfugaji, la mwalo na la ghuba yameondolewa, na nyakati zimetajwa kwa mwezi tu. Takwimu za samaki ni za kizimba hicho, baadhi zimekadiriwa hadi namba nzima.

Ghuba za namna hii huwavutia wafugaji wanaoanza. Mawimbi ni madogo, mtumbwi unafika kwa dakika chache, na kizimba kinaonekana kutoka nchi kavu, jambo linalopunguza wizi. Samaki wa porini nao hupenda midomo ya mito: ningu hupanda mto kutaga mvua zinapoanza, kambare hujipenyeza kwenye matete, sato wadogo hukulia kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Lakini samaki wa porini maji yakichafuka huhama, na oksijeni ikipungua hutafuta penye afadhali. Wa kizimbani hana pa kwenda. Hali yote ya pale inampitia yeye, na inaandikwa mwilini mwake kwa gramu na sentimita.

Kizimba kilikuwa cha mraba, meta 6 kwa 6, wavu ukishuka meta 3 ndani ya maji, yaani meta za ujazo 108. Kina cha maji mahali hapo ni meta 7, kwa hiyo kati ya sakafu ya wavu na tope la chini zilibaki meta 4. Mwezi Agosti viliingizwa vifaranga 6,000 wenye wastani wa gramu 12, walionunuliwa kama dume tupu. Hao ni samaki 55 hivi kwa kila meta ya ujazo. Lengo lilikuwa gramu 400 kwa miezi saba, sawa na kilo 22 kwa meta ya ujazo iwapo wote wangefika. Kwa kizimba chenye maji yanayopita vizuri, huo si msongamano wa kupindukia.

Wavu ulikuwa wa vifaranga, tundu la robo inchi kila upande. Chakula kilikuwa cha kuelea chenye protini asilimia 30, punje za milimita 2 kwa miezi miwili ya kwanza, kisha punje za milimita 4. Kijana mmoja alilisha, alisafisha na kuandika daftari.

Mambo yalivyokwenda, Agosti hadi Januari

Miezi mitatu ya mwanzo haikuwa na la kulalamikia. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza wastani ulikuwa gramu 31, wa pili 66, wa tatu 112, karibu kabisa na ratiba aliyopewa mfugaji. Sampuli ilichukuliwa kila mwezi kwa namna ile ile: chakula kinatupwa, samaki wanapanda juu, wavu wa mpini unachota 30 hadi 40, wanapimwa kwa pamoja kwenye ndoo, uzito unagawanywa kwa idadi. Urefu haukupimwa.

Novemba mambo matatu yalitokea karibu kwa wakati mmoja. Mvua za vuli zilikolea na mto ukaanza kuleta maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kijana wa kizimba alipewa kazi nyingine nchi kavu, hivyo ulishaji wa mara mbili ukawa wa mara moja, saa 12:30 asubuhi, kabla hajaondoka. Na punje zilikuwa tayari zimebadilishwa kuwa za milimita 4 kwa samaki wote, kwa sababu wastani wa uzito ulisema wanastahili.

Sampuli ya mwezi wa nne ilitoa gramu 150 badala ya 175 zilizotarajiwa. Mfugaji alikishuku chakula. Katikati ya Desemba alihamia chakula kingine cha bei nafuu, kinachozama, chenye unga wa dagaa. Samaki hawakuonekana kukikataa, kwa sababu punje inayozama haionekani kama imeliwa au imepita kwenye wavu. Mwanzoni mwa Januari sampuli ilisoma gramu 168. Kwa mwezi mzima kilo 650 hivi za chakula zilikuwa zimeingia majini, na ongezeko la uzito kwenye daftari halikufika kilo 100. Yaani zaidi ya kilo sita za chakula kwa kilo moja ya samaki, wakati kizimba kinachosimamiwa vizuri hutumia kati ya kilo moja na nusu na mbili.

Hapo ndipo wataalamu wa ufugaji walipoitwa. Swali la mfugaji lilikuwa moja: arudi kwenye chakula cha zamani, au atafute cha tatu?

Uchunguzi

Jibu la haraka lingekuwa kupima ubora wa chakula. Badala yake uchunguzi ulianza na samaki, na huo ulikuwa uamuzi sahihi, kwa sababu samaki aliyekwisha kula anaeleza kuhusu chakula zaidi ya karatasi iliyobandikwa kwenye mfuko.

*Sampuli ya kweli.* Samaki hawakulishwa kwa saa 24. Mabomba mawili ya plastiki yalipitishwa chini ya wavu kutoka upande mmoja, yakasukumwa taratibu hadi samaki wote wakakusanyika kona moja. Wakachotwa 150 kuanzia chini kwenda juu, bila kuchagua. Kila mmoja alipimwa urefu kamili, ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, akiwa amelala kwenye ubao wenye rula, kisha akapimwa uzito peke yake kwenye mizani ya gramu moja moja. Mkanda wa fundi cherehani haufai, maana unafuata mviringo wa mwili na kuongeza urefu. Kwa samaki wa sentimita 18, kosa la nusu sentimita tu hubadilisha kipimo cha unono kwa asilimia 8, kwa kuwa urefu unazidishwa kwa wenyewe mara tatu.

Wastani ulikuwa gramu 138. Daftari lilisema 168. Siku chache tu zilikuwa zimepita, na hakuna aliyekonda gramu 30. Tofauti ilitokana na mkono uliochota. Sato wenye nguvu ndio wanaopanda kwanza chakula kikitupwa, na ndio waliokuwa wakiingia kwenye wavu wa mpini kila mwezi.

*Kipimo cha unono.* Kwa kila samaki kilikokotolewa K: uzito kwa gramu mara 100, ugawanye kwa urefu wa sentimita uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Samaki wa sentimita 18 na gramu 88: 18 × 18 × 18 ni 5,832, 8,800 ukigawanya kwa 5,832 unapata 1.51. Sato wa kufugwa anayekula vizuri, kwa urefu kamili, huwa karibu na 1.8 hadi 2.0. Chini ya 1.6 mgongo unaanza kuwa mwembamba na kichwa kuonekana kikubwa kuliko mwili, hata kwa macho.

Kwa wastani wa jumla K ilikuwa karibu 1.73, namba ambayo haimshtui mtu sana. Ilipogawanywa kwa makundi, picha ikawa nyingine kabisa. Wakubwa walikuwa 27, wastani wa gramu 231 na K ya 1.95. Wa kati walikuwa 62, gramu 148, K 1.85. Wadogo walikuwa 61, gramu 88, K 1.50. Ndani ya wavu mmoja, wakila kutoka mfuko mmoja, samaki 89 kati ya 150 walikuwa na hali nzuri na waliobaki walikuwa wanashinda njaa.

*Matumbo.* Siku iliyofuata samaki walilishwa kama kawaida, kwa chakula cha kuelea kilichobaki stoo, na saa moja na nusu baadaye wakachukuliwa kumi kutoka kila kundi, wakawekwa kwenye barafu mara moja na kupasuliwa hapo hapo mwaloni. Saa hiyo ni muhimu. Sato hula mchana na tumbo lake huwa tupu alfajiri, kwa hiyo tumbo tupu saa 12 asubuhi halithibitishi chochote. Ukichelewa nako, tindikali ya tumbo lake, ambayo ni kali kiasi cha kuvunja hata mwani wa kijani-buluu, inakuwa imeyeyusha ushahidi.

Kujaa kwa tumbo kulipewa alama 0 hadi 4. Wakubwa wote kumi walikuwa na 3 au 4, na kilichojaa ni chakula cha mfuko. Wa kati, saba kati ya kumi walikuwa nacho. Wadogo, wawili tu kati ya kumi walikuwa na punje, na chache. Wengine walikuwa na utelezi wa kijani wa mwani unaoota kwenye nyuzi za wavu, tope laini, na funza wachache wa wadudu wa majini. Walikuwa wanalamba kizimba.

Tumbo lilipokuwa wazi, viungo vya uzazi pia vilikaguliwa. Kati ya wadogo kumi, saba walikuwa majike. Kati ya wakubwa kumi, dume tisa. Na siku ya kuchota, majike kadhaa wa kundi la wadogo walitema mayai ndani ya beseni. Ni rahisi kuyakosa: sato jike hulea mayai mdomoni, na akishikwa huyatema mara moja, kwa hiyo lazima mdomo ukaguliwe akiwa bado mkononi, na beseni litazamwe kabla maji hayajamwagwa.

*Maji na wavu.* Oksijeni ilipimwa kwa kina cha meta 1.5, ndani na nje ya kizimba. Saa 12:30 asubuhi, nje ilikuwa miligramu 4.6 kwa lita, ndani 2.7. Saa 4 asubuhi ndani ilipanda hadi 4.9, na saa 10 jioni 6.8. Sababu ya tofauti ya ndani na nje ilionekana wavu ulipoinuliwa: matundu ya robo inchi yalikuwa yamezibwa na mwani na tope kiasi kwamba sehemu za sakafu hazikupitisha maji kabisa. Wavu wa vifaranga ulipaswa kutolewa samaki walipopita gramu 40 au 50. Haukutolewa. Uangavu wa maji kwa sahani ya Secchi, inayoshushwa majini hadi isionekane, ulikuwa sentimita 110 siku tulivu, na sentimita 35 mto ulipokuwa umejaa.

*Idadi.* Wakati wa kupanga samaki kwa ukubwa walihesabiwa wote. Walikuwa 4,910. Daftari lilikuwa na vifo 212, kwa hiyo mfugaji aliamini ana 5,788. Samaki 878 hawakuwepo. Kona moja ya wavu ilikutwa na tundu la kupita ngumi, pale kamba ya nanga ilipokuwa ikisugua, na kijana alikiri kwamba siku za haraka waliokufa walitupwa bila kuandikwa.

Ukiweka namba hizo pamoja, unapata kiini cha kisa. Mfugaji alihesabu samaki 5,788 wa gramu 168, sawa na kilo 972, na kwa asilimia 2.5 akatoa kilo 24 kwa siku. Kilichokuwepo ni samaki 4,910 wa gramu 138, karibu kilo 678. Kilo 24 kwa uzito huo ni asilimia 3.5. Kizimba kilikuwa kinalishwa kupita kiasi, na wakati huo huo zaidi ya theluthi moja ya samaki hawapati hata punje.

Maamuzi na sababu zake

Chakula cha kuelea kilirudishwa. Sababu haikuwa kwamba cha kuzama hakina lishe. Wakubwa walikuwa wamefika K ya 1.95 kwa mfuko ule wa kwanza, na hiyo ilitosha kuuondolea lawama. Pia kwenye kizimba, chakula kinachoelea ndicho pekee kinachomwezesha mlishaji kuona samaki wanapoacha kula. Chakula cha kuzama kinahitaji sinia chini ya maji la kukagulia, na hapa halikuwepo.

Samaki waligawanywa. Kazi ilifanywa kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, oksijeni ikiwa imepanda na jua halijawa kali, baada ya saa 24 bila chakula. Waliozidi gramu 120, jumla 2,900, walibaki kizimba A wakiwa na wastani wa gramu 173. Wadogo 2,010 walihamishiwa kizimba B, chenye vipimo vile vile. Lilipendekezwa pia wazo la kuwaondoa majike wote na kuwauza. Lilikataliwa, kwa kuwa sato wa gramu 88 hana soko la maana na kumshika kila mmoja kukagua jinsia kungewaumiza wote magamba. Walichofanyiwa majike ni kuwekwa kwenye wavu safi wa nusu inchi, ambao mayai hupita kabla jike hajayaokota. Wavu uliozibwa ulikuwa umewapa sakafu ya kutagia.

Nyavu zote mbili zikawa za nusu inchi, na ratiba ya kuzipiga brashi ikawa kila wiki mbili, kila wiki wakati wa mvua. Kona zinazogusa kamba za nanga zilifungwa mpira wa bomba la maji.

Ulishaji ukawa mara tatu: saa 3:30 asubuhi, saa 7 mchana, saa 10:30 jioni. Alfajiri iliachwa kwa makusudi. Usiku kucha mwani na samaki huvuta oksijeni bila yeyote kuizalisha, na kabla jua halijachomoza inakuwa chini kuliko saa nyingine yoyote. Samaki aliye kwenye miligramu 2.7 hana hamu ya kula, na hata akila, kusaga chakula kunamdai oksijeni asiyokuwa nayo. Wenye nguvu wanaokoteza, wanyonge wanakaa chini.

Ndani ya kila kizimba iliwekwa fremu ya wavu mwembamba, sentimita 20 juu ya maji na 30 chini, ili upepo wa mchana usisukume punje nje. Chakula kilimwagwa kuzunguka fremu yote badala ya kona moja. Pakiwa na eneo moja dogo la kulia, dume wachache wakubwa hulimiliki, na hicho ndicho kilichotokea hapa tangu Novemba. Kizimba B kilipewa punje ndogo zaidi, za milimita 3, ambazo mdomo wa sato wa gramu 60 unazimeza bila kuhangaika.

Kiasi cha kuanzia kilikuwa asilimia 2.5 kwa A, yaani kilo 12.5, na asilimia 3.5 kwa B, kilo 6.2. Jumla kilo 18.7, pungufu ya kilo tano kwa siku kuliko zamani. Kanuni ya kurekebisha iliandikwa ukutani stoo: punje zikibaki zinaelea baada ya dakika 15, mlo unaofuata unapunguzwa kwa sehemu ya kumi, zikiisha kabla ya dakika 5 kwa siku mbili mfululizo, unaongezwa hivyo hivyo. Siku ambayo sahani ya Secchi haionekani kupita sentimita 40, kinatolewa nusu.

Kuhamisha kizimba kwenda kwenye maji ya kina zaidi, mbali na mto, kulijadiliwa na kuahirishwa. Cheti cha mazingira cha NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) na kibali cha matumizi ya maji cha bodi ya maji ya bonde vilikuwa vya eneo lile lile lililoainishwa, na kuhama kungetaka kuanza upya katikati ya msimu.

Matokeo

Kizimba B kilipimwa baada ya siku 14. Urefu ulikuwa umetoka sentimita 18.0 hadi 18.3 tu, lakini uzito ulifika gramu 105 na K ikapanda hadi 1.71. Mwili ulijaza nyama kwanza kabla ya kurefuka. Siku ya 42, urefu ulikuwa 20.6, uzito gramu 160, K 1.84. Kizimba A siku hiyo kilikuwa na wastani wa gramu 285 na K 1.94.

Kwa siku hizo 42, A ilitumia kilo 566 za chakula kwa ongezeko la kilo 323 hivi, uwiano wa 1.75. B ilitumia kilo 270 kwa kilo 143, karibu 1.9. Vifo viliandikwa 20 kwa A na 30 kwa B, vingi katika wiki ya kwanza baada ya kupangwa, kwa michubuko.

A ilivunwa katikati ya Aprili ikiwa na gramu 390, wiki sita nyuma ya mpango wa awali. B haikufika. Masika ilileta tope mfululizo, siku nyingi zikawa za nusu mlo, na wavu uliziba upya ndani ya wiki. Ilivunwa Juni kwa gramu 280, na kuuzwa kama sato wa daraja la chini. Kizimba hakikupata hasara kubwa, lakini faida yote ya kundi B iliishia kwenye muda na chakula.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kupima urefu ndilo badiliko lililozaa mengine yote. Uzito peke yake unasema samaki ni mdogo. Hausemi kama ni mdogo kwa sababu ni mchanga, au kwa sababu amedumaa, au kwa sababu amekonda. Samaki aliyedumaa kwa muda mrefu kwenye bwawa lililojaa anaweza kuwa mfupi na K yake ikawa nzuri. Samaki mrefu mwenye K ya chini anasema njaa ni ya hivi karibuni: mifupa ilikua wakati wa neema, nyama ikaondoka baadaye. Wadogo wa kizimba hiki walikuwa wa aina ya pili, na ndiyo maana ilikuwa na maana kuwapa nafasi badala ya kuwaondoa.

K inaonya mapema. Laiti urefu ungekuwa unapimwa tangu Septemba, kushuka kwa kundi la wadogo kungeonekana mwezi wa tatu, wakati wastani wa uzito ulikuwa bado unaridhisha.

Kupasua matumbo samaki 30 kuligharimu asubuhi moja na kitoweo cha jioni, na kulimaliza ubishi kuhusu chakula ambao ulikuwa umekula wiki nne. Mfugaji yeyote mwenye kisu na barafu anaweza kufanya hivyo. Hahitaji darubini kutofautisha uji wa kahawia wa punje na utelezi wa kijani wa mwani.

Uchambuzi: kilichoshindikana, na tahadhari

Kosa la sampuli na kosa la idadi yalisukumana upande mmoja. Wastani ulioongezwa kwa asilimia 22 mara idadi iliyoongezwa kwa asilimia 18 unatoa mgao uliozidi kwa zaidi ya asilimia 40. Kilichozidi hakikuliwa na wenye njaa. Kilipita kwenye wavu, kikarutubisha mwani ulioziba wavu huo huo, maji yakapita kidogo, oksijeni ikashuka, hamu ikapungua. Ni mduara unaoanza na ndoo ya sampuli.

Kubadili chakula katikati ya tatizo kulifanya uchunguzi uwe mgumu. Wiki tatu za Januari na Desemba hazikuweza kulinganishwa na chochote, kwa kuwa aina, namna ya kuelea na bei vilibadilika pamoja. Ukishuku chakula, kibadilishe kwa kizimba kimoja kati ya viwili, na saa za kulisha ziache zilivyo.

K nayo ina mipaka. Haitaji sababu: njaa, minyoo, oksijeni na mayai mdomoni vyote vinaishusha. Jike anayelea mayai na vifaranga mdomoni hukaa siku 10 hadi 14 bila kula kwa kawaida, na akipimwa wakati huo atakuwa mwembamba hata penye chakula tele. Jike mwenye mayai tumboni, kinyume chake, atakuwa mzito. Tumbo lililojaa nalo linapandisha K, ndiyo maana ya saa 24 za kufunga. Usilinganishe K iliyokokotolewa kwa urefu kamili na ile ya urefu wa hadi mwanzo wa mkia, hazilingani. Na kokotoa K ya kila samaki kisha tafuta wastani. Ukianza na wastani wa urefu na wa uzito wa kundi lililochanganyika, wanono watawaficha wakonde.

Kulifikiriwa pia kuwalinganisha wadogo hawa na sato wa porini wa ghuba hiyo hiyo, ili kujua mchango wa maji peke yake. Haikufanyika, na haikupaswa kufanyika: sato wa porini chini ya sentimita 25 haruhusiwi kuvuliwa, na kulinganisha K ya samaki wa sentimita 18 na wa sentimita 28 kunapotosha, kwa sababu umbo hubadilika na umri.

Mto haukuwa chanzo cha tatizo la Januari, ingawa ulichangia. Ungekuwa chanzo, wakubwa wasingekuwa na 1.95. Lakini kwa matokeo ya masika, mto ndio mshtakiwa wa kwanza. Tope linamnyima sato mambo mawili: haoni punje, na mwani wa majini anaouchuja kama nyongeza ya mlo unapungua kwa kukosa mwanga. Kwa eneo kama hili, busara ni kupanga kalenda kulingana na mto. Vifaranga wakiingia Juni au Julai wakiwa wamekuzwa kwanza bwawani hadi gramu 30 au zaidi, mavuno yanaangukia Januari au Februari, kabla ya masika. Miezi hiyo ya kuingiza ndiyo pia ya upepo wa kusini, ziwa linapochanganyika na maji ya chini yenye oksijeni kidogo kupanda, kwa hiyo kifaa cha kupimia oksijeni kinatakiwa kuwepo tangu siku ya kwanza.

Suala la jinsia lilipaswa kuisha mlangoni kwa muuza vifaranga. Dume tupu wa homoni hupatikana vifaranga wanapolishwa dawa kwa siku 21 hadi 28 tangu wanapoanza kula, na wakichanganywa na waliokwisha kula chakula kingine kabla, majike hubaki. Mnunuzi anaweza kukagua: wakifika gramu 30 hadi 50, wachukue 100 bila kuchagua, walaze chali, pakaza tone la wino nyuma ya mapezi ya tumbo. Dume ana matundu mawili, jike matatu. Majike wakizidi watano kati ya mia, mkataba wa fidia uwe umeandikwa kabla fedha haijatoka.

Na vifaranga wahesabiwe wanapoingia, mmoja mmoja au kwa uzito wa sampuli tatu za samaki 200 kila moja. Kizimba hiki kilipokea "6,000" kwa neno la dereva wa gari lililowaleta, na sehemu ya wale 878 huenda haikuwahi kuingia majini.